Sufuria Ndogo

Kazini walimwita Mwiko. Jina lilianza zamani, alipokuwa kijana mwembamba anayekoroga uji wa wagonjwa kwa mwiko uliomzidi kimo, likamganda hata baada ya kuota kitambi na kufanywa mkuu wa zamu ya asubuhi katika jiko la hospitali kubwa. Alijua kupikia wodi zote: wenye kisukari, wenye figo mbovu, waliopasuliwa, watoto. Alivaa mabuti ya mpira kwa sababu sakafu ya jiko lile haikupata kukauka, na aliporudi nyumbani mchana vidole vyake vilikuwa bado vimejikunja, kana kwamba kuna kitu hajakiachia.

Watu wakisikia kazi yake walimwambia mkewe, "Mwenzetu una bahati, unapikiwa." Mkewe alikuwa mkunga katika hospitali hiyohiyo, zamu za usiku, na alizoea kujibu kwa tabasamu dogo la kumaliza mazungumzo. Ukweli ni kwamba kwao hakukupikwa. Mwiko alikuwa ameshibishwa na harufu. Kitunguu kikikaangwa popote karibu naye, tumbo lilijifunga. Alikunywa chai na mkate, mara nyingi akiwa amesimama, kisha akalala. Mkunga naye alijikimu kwa chakula cha kantini na karanga za mfukoni. Juu ya jiko lao la gesi kulikuwa na pasi, kopo la rangi ya viatu na rundo la nguo zinazosubiri vifungo. Wenzake kazini walitania kwamba kwa Mwiko kupika nyumbani ni mwiko, na yeye hakukataa.

Mume na mke walipishana ngazini, mmoja akishuka kwenda kazini, mwingine akipanda kutoka kazini.

"Umelala?"

"Kidogo. Wewe je?"

"Nikifika juu nitalala."

Hawakuwa wamegombana. Lakini uchovu ukikaa sana ndani ya nyumba unaanza kufanana na ukimya wa watu waliokosana, na jirani asiyewajua angeweza kudhani hivyo.

Ndipo mama mkwe alipohamia kwao. Nyumba aliyokuwa amepanga iliuzwa, na mwenye nyumba mpya alitaka kuingia mwenyewe. Binti pekee wa Mwiko alikuwa ameshaolewa, chumba chake kilikuwa kitupu, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Mama mkwe aliletwa na gari la mizigo, amekaa mbele na dereva, redio kaseti imelazwa mapajani. Nyuma kulikuwa na godoro, masanduku mawili, na maua yake ya okidi yaliyopangwa ndani ya makreti ya soda, kila chungu kimezungushiwa gazeti kama mtoto aliyevishwa sweta.

Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye sauti laini isiyo na haraka. Maisha yake yote ya kazi alikuwa opareta wa simu katika hoteli moja kubwa, na hata sasa ukimwita kutoka chumba kingine alijibu, "Subiri tafadhali." Hotelini huko ndiko alikozipatia okidi zake. Zililetwa mapokezi zikiwa zimechanua, na maua yakishapukutika zilitupwa pipani pamoja na vyungu vyake. Yeye akawa anaziokota na kwenda nazo nyumbani.

"Watu wanadhani zimekufa," alimwambia mkwewe siku ile ya kwanza, akifungua magazeti. "Zimechoka tu."

Okidi hupenda mwanga usio mkali na hewa yenye unyevu. Mama mkwe alizunguka nyumba nzima, akatazama kila dirisha, kisha akarudi sebuleni na uso wa mtu anayetaka kuomba radhi.

"Mkwe wangu, unisamehe. Nimepaona pazuri, lakini ni bafuni."

"Hapana tabu, Mama."

Tangu siku hiyo Mwiko alioga kwa kujibana. Vyungu vilijaa dirishani, juu ya rafu, hata ukingoni mwa beseni la kuogea, na mizizi yao ya rangi ya majivu ilining'inia nje ikimgusa bega kila alipoinuka. Hakulalamika. Kulalamika nako kunataka nguvu.

Wiki hiyohiyo, akipanda ngazi kutoka kazini, alisikia gita. Alipofika mlangoni akapokelewa na harufu ya kitunguu. Pasi ilikuwa imeondolewa jikoni, jiko limesuguliwa likang'aa, na mezani kulikuwa na wali, kunde na mboga za majani, vimefunikwa kwa sahani. Redio kaseti ilikuwa inaimba juu ya friji.

"Karibu mezani, baba," alisema mama mkwe. "Leo upumzike na wewe, upikiwe."

Mkwe hakatai chakula cha mama mkwe. Mwiko aliketi, akanawa, akameza vijiko viwili kama mtu anayemeza dawa. Cha tatu hakikupita.

"Nimeshiba, Mama. Asante sana."

"Umeshiba na nini?"

"Nilikula kazini."

Mama mkwe alitazama ile sahani, kisha akatazama pembeni. Siku ya pili mambo yalikuwa vilevile. Siku ya tatu Mwiko alisema kichwa kinamuuma, akapita moja kwa moja chumbani, akalala na nguo zake za kazi.

Mkunga alimshika jioni, kabla hajaondoka kwenda zamu.

"Mama anauliza kama amekukosea."

"Hajanikosea."

"Basi kula."

"Siwezi. Ile harufu tu inanifunga."

"Sasa nimwambie nini mtu mzima kama yule?"

"Mwambie nimechoka."

"Hata mimi nimechoka," alisema mkunga, akiinama kufunga viatu vyake vyeupe, "na nakula." Lakini hakusema kwa hasira. Alikaa kidogo ameinama vile, mkono juu ya kiatu, kama aliyesahau alichokuwa anafanya, ndipo akainuka akaenda.

Sijui alimwambia mama yake nini. Mama mkwe aliacha kumpikia. Alijipikia yeye mwenyewe mapema, akafungua madirisha yote, akaosha sufuria na kuikausha kabla mkwe hajarudi. Redio nayo aliizima. Mwiko alirudi kwenye nyumba safi isiyo na harufu wala sauti, ile aliyokuwa ameitaka, akanywa chai yake amesimama, na haikumpendeza. Aliona wazi kwamba kuna neno linalotakiwa kusemwa. Alilitafuta akiwa kazini, akalitafuta akiwa njiani. Lakini nguvu zake zilikuwa zinaishia kwenye matoroli ya chakula cha mchana, na kila alipofika nyumbani neno lilikuwa limeshampotea.

Mchana mmoja, mkunga akiwa ametoka kidogo, Mwiko alifungua mlango akasikia sauti laini kutoka bafuni.

"Mkwe, usiingie na viatu. Utakanyaga mizizi."

Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama kitu cha kuazima. Alikuwa amepanda kigoda kumwagilia okidi za rafu ya juu, kigoda kikateleza. Chungu kimoja kilivunjika, na vile vipande vya magome ya mti ambavyo okidi hupandwa humo badala ya udongo vilikuwa vimetapakaa kila mahali. Mwiko alivua viatu. Alimwinua kwa kumkumbatia chini ya makwapa, akimwomba radhi njia nzima kwa kumshika hivyo, na mama mkwe akimjibu kwamba aache adabu kwanza, amshike vizuri asije akaangukia na upande wa pili.

Hospitali walimpiga picha, wakaona mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika, wakamfunga plasta kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Akaambiwa mkono usifanye kazi mpaka mfupa uunge. Waliporudi nyumbani mkunga alikuwa ameshafika, wote watatu wakakaa sebuleni. Mkunga alimtazama mumewe. Saa yake ya kuingia zamu ilikuwa inakaribia na mama yao alikuwa hajala tangu asubuhi.

Mwiko aliingia jikoni. Alitafuta sufuria ndogo kuliko zote, akaiweka juu ya meko, akasimama anaitazama. Kazini mchele ulipimwa kwa gunia, maji yalifunguliwa kwa bomba, na chumvi ilikuwa imeandikwa ukutani. Hakujua mtu mmoja anakula dengu kiasi gani. Alimimina, akaona ni kidogo, akaongeza, zikavimba, akahamishia sufuria kubwa. Mwishowe alipeleka mezani dengu za kulisha harusi, zilizopauka, laini, hazina hata chembe ya chumvi. Alikuwa amepika akipumua kwa mdomo ili asisikie harufu.

Mama mkwe alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa heshima zote. Akaweka kijiko chini.

"Mkwe wangu, nikuulize. Mimi naumwa mkono au naumwa figo?"

"Mkono, Mama."

"Basi hapa umelisha figo."

Mwiko alicheka. Kilikuwa kicheko cha puani, kifupi, lakini kilimtoka bila ruhusa yake, na mama mkwe naye mabega yakamtikisika.

"Hukuonja?"

"Sionji, Mama. Kazini kila kitu kimeandikwa. Hata nikionja siruhusiwi kuongeza wala kupunguza. Nikaona nionje ya nini."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Sikumbuki."

Kesho yake alimkuta mama mkwe ameshaburuta kiti hadi mlango wa jikoni, redio kaseti ameipakata kwa mkono mzima.

"Leo tunapika kwa hesabu zangu," alisema. "Weka mafuta. Kata kitunguu kimoja. Nimesema kimoja."

Kisha akabonyeza. Ilikuwa kanda ya bendi ya dansi ya enzi zake, magita yakifukuzana taratibu. Mama mkwe hakuwahi kupika kwa saa maishani mwake. Alipika kwa nyimbo.

"Kitunguu kinataka wimbo huu mzima. Usikikoroge mpaka tarumbeta liingie."

Mwiko alishika mwiko mdogo wa mbao, akasimama. Mkono ulitaka kukoroga. Miaka yote alikuwa anapika huku saa ya ukutani inamfukuza.

"Kitaungua, Mama."

"Bado."

"Kinaanza kubadilika rangi."

"Ndiyo, kinabadilika. Msikilize huyo wa gita la besi. Unamwona ana haraka?"

Akasubiri. Harufu ilimpanda, akageuza uso dirishani na kumsikiliza wa besi. Tarumbeta likaingia. Akakoroga. Wimbo uliofuata ulikuwa wa nyanya, wa mwendo wa polepole, mwimbaji wake ana sauti kama ya mtu mwenye mafua. Kanda ilikuwa imezeeka, inavuta, nyimbo zinarefuka, na mama mkwe alieleza kwamba siku hizi nyanya zake zinaiva zaidi kuliko zamani kwa sababu hiyo.

"Sasa onja."

"Mama..."

"Onja umeze."

Alionja. Chumvi ilikuwa haijatosha. Akatia kidogo kwa ncha za vidole, akaonja tena, akasimama pale na kijiko mdomoni akijiuliza kama aongeze. Hapakuwa na karatasi ukutani ya kumwambia. Akaongeza. Jioni hiyo alikula nusu sahani, ameketi.

Siku zikaenda hivyo. Kuna siku alikula na kuna siku aliishia kupika tu na kumwandalia mama, yeye akarudi kwenye chai yake. Mama mkwe hakumuuliza tena. Okidi nazo zikawa juu yake. Alizibeba chungu kimoja kimoja, akazitumbukiza kwenye karai la maji, akaziacha zinywe mpaka mizizi ile ya majivu igeuke kijani, akazinyanyua zijikaushe. Mama mkwe alisimama mlangoni akiongoza kama mtu wa bandarini: usimwage maji katikati ya majani, yakituama pale moyo unaoza. Mwiko alisikia, lakini siku moja alikuwa na usingizi. Baada ya muda majani ya okidi moja yakamng'okea mkononi yote kwa pamoja, laini, meusi kwenye kikonyo. Alimpelekea.

Mama mkwe aliinusa. "Hii imekwenda."

"Ni mimi, Mama."

"Ndiyo, ni wewe. Lete nyingine."

Okidi nyingine ilichipua kidole cha kijani ubavuni, na wawili hao wakabishana juu yake kila siku: mama mkwe alisema ni shina la maua, Mwiko akasema ni mzizi. Mkunga akipita bafuni kupiga mswaki aliombwa atoe hukumu, akasema yeye hupokea watoto tu. Kikaja kuwa mzizi.

Halafu ikaja siku mbaya kazini. Bomba la mvuke lilipasuka alfajiri, masufuria makubwa yakapoa na uji ndani, ikabidi wapikie nje kwenye mitungi ya gesi huku mvua inanyunya. Chakula cha mchana kilichelewa. Wodi zilipiga simu moja baada ya nyingine, kila anayepiga ana sauti ya juu kuliko wa kwanza, na Mwiko ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu. Alirudi nyumbani, akaingia bafuni ili aoge, akakaa ukingoni mwa beseni na mabuti yake miguuni. Hakuweza kuinuka. Alikaa katikati ya vyungu, paji la uso kwenye vigae vya ukuta kwa sababu vilikuwa baridi.

Mlango uligongwa.

"Mkwe, upo?"

"Nipo, Mama."

"Unaoga?"

"Hapana."

"Basi fungua."

Mama mkwe aliingia, akageuza ndoo juu chini, akaikalia. Alichukua kitambaa akaanza kufuta vumbi kwenye majani ya okidi iliyokuwa karibu naye, jani moja, kisha lingine.

"Leo sipiki, Mama."

"Usipike."

Akafuta jani lingine.

"Mimi nilikuwa nachoka sauti," alisema. "Kutwa nzima watu masikioni. Huyu anataka chumba, huyu amekatiwa, huyu anatukana kwa sababu mke wake hapokei. Na mimi namjibu, subiri tafadhali nikuunganishe, kwa sauti ileile. Nikirudi nyumbani baba yenu ananingoja mlangoni na maneno yake ya siku nzima. Mtu mwema. Alikuwa hana mwingine wa kumwambia. Nami nainua mkono, hivi, namwambia asubiri. Akadhani nimemchoka yeye. Mwaka mzima alidhani hivyo, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza."

"Ikawaje?"

"Siku moja nimerudi, hakusema kitu. Aliweka muziki tu, akaniwekea kiti. Tukakaa. Kesho yake tena. Sijui nani alimfundisha, labda hakufundishwa, labda na yeye alichoka kungoja." Alikunja kitambaa. "Sasa wewe umekuja mlangoni kwako umechoka chakula, na mimi nakukaribisha kwa chakula. Siku ya tatu, ya nne, nimekununia. Mtu niliyepitia hayohayo. Niwie radhi, baba."

Mwiko alitikisa kichwa. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye wa kuomba radhi, kwamba neno hilo amelitafuta tangu wiki ile ya kwanza, lakini alichoweza kusema ni, "Mama, nisaidie kuvua haya mabuti."

Akamvuta kwa mkono mmoja, buti la kwanza, kisha la pili, na kwa lile la pili nusura aanguke na ndoo yake. Walikunywa chai siku hiyo, kwa mkate na mayai ya kuchemsha, wamekaa mezani, redio inaimba chini chini.

Plasta ilitolewa wakati wake. Mkono ulibaki dhaifu, wa kukata nyanya na kubonyeza redio tu, sufuria haukuweza kuinua. Kwa hiyo waliendelea hivyohivyo, yeye kwenye kiti mlangoni, mkwewe kwenye meko. Nisiseme kwamba Mwiko aliipenda kazi yake upya. Jiko la hospitali lilikuwa lilelile, sakafu ileile ya maji, na kuna siku alirudi akiwa hawezi hata kutazama kitunguu. Lakini zile siku nyingine zilikuwepo, na hapo kabla hazikuwepo.

Jumapili moja mkunga alipata mapumziko. Aliamka mchana, akatoka chumbani na kanga yake, nywele zimefungwa kitambaa, akavuta hewa.

"Nani kapika?"

"Mume wako," alisema mama yake.

"Kuku, yeye? Mama, usinitanie."

Mwiko alileta supu ya kuku yenye viazi na karoti, akamwekea bakuli lake mbele. Mkunga alionja akiwa bado amesimama. Kisha akakaa. Alikula mpaka bakuli likafika nusu, akapumua, akaanza kuwasimulia juu ya mapacha aliowapokea usiku uliopita: wa kwanza alitoka kimya, wakahangaika naye, na wa pili alipotoka akilia ndipo yule wa kwanza naye...

Hakumaliza. Kidevu kilikuwa kimeshuka kifuani, kijiko bado kiko mkononi, kimesimama ndani ya supu.

Mama mkwe alinyoosha mkono kumgusa bega. Mwiko alitikisa kichwa, naye akaurudisha. Mwiko aliinuka bila kuvuta kiti, akakitoa kile kijiko katikati ya vidole vya mkewe, akakiweka pembeni, akasogeza bakuli lisije likamwagika. Akapunguza redio. Kisha akarudi mahali pake, wakaendelea kula wawili wale, polepole, wakijizuia hata kugonganisha vijiko na bakuli.

Baada ya muda mama mkwe alisogeza bakuli lake mbele.

"Niongeze kidogo," alinong'ona.

Akamwongeza.